Jina la Penseli Pembeni mwa Kadi

Nyanya yangu mzaa baba aliniita "mume wangu" mpaka alipofariki. Akinituma kwa jirani ilikuwa "mume wangu, kimbia," na nikivunja kikombe ilikuwa "mume huyu nimeozwa na nani, jamani?" Baba aliniita "baba". Jina lililoandikwa kwenye cheti changu cha kuzaliwa lilikuwa la babu, na hao wawili hawakuweza kulitamka hivi hivi tu, nyanya kwa kuwa lilikuwa la mumewe na baba kwa kuwa lilikuwa la baba yake. Nililisikia likiitwa kwa sauti mara ya kwanza darasani, na sikuitika. Nilidhani babu anatafutwa.

Mama naye hakuweza kulitaja. Kwetu Munje, kwa wanaoshika adabu za zamani, mke hatamki jina la mkwewe, hata kama jina hilo amepewa mwanawe wa kumzaa. Kwa hivyo mama humpa mtoto jina jingine la kumwitia, alilolichagua yeye mwenyewe, na hilo ndilo mtoto analojifunza kuligeukia kabla ya mengine yote. Mama yangu alinipa langu. Alifariki kabla sijatimiza miaka minne, na jina hilo silijui.

Ninachokumbuka ni sauti. Yeye yuko jikoni, mimi niko mchangani mbele ya nyumba, ananiita. Mwisho wa jina anauvuta, unapanda kidogo, halafu unakatika. Huo mwisho ninao hadi leo, lakini neno lenyewe limenitoka. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilimwuliza nyanya, akasema hakulishika kwa sababu yeye alikuwa na lake. Nikamwuliza baba, ambaye alikuwa askari katika hoteli moja ya Diani na alikuja nyumbani mara moja kwa wiki. Akasema lilikuwa jina la mzaha mzaha hivi, la watu wa kwao mama. Kwao mama ni kule juu kwenye ukame, upande wa Kinango, kwa wafugaji. Wajomba zangu hawakuwahi kunisikia nikiitwa. Nyanya na baba wametangulia, na siku hizi mimi ni mtu mzima mwenye mke na kipara kinachonyemelea, lakini bado hutokea nikaacha ninachofanya, nikaanza kulitafuta jina lile. Anayetaka kunicheka na acheke.

Kazi yangu ni kuunda mifumo ya kompyuta. Ofisi yetu iko Ukunda, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na nyumba yangu iko Bongwe. Mara mbili nimealikwa katika ukumbi wa hoteli huko Diani kuwaeleza watu kwa nini miradi ya kompyuta huanguka. Nina orodha yangu. Umeme unapotea, mtandao unasuasua, mafunzo ni ya siku mbili kwa kazi ya miaka, mkubwa aliyeutaka mradi anahamishwa na anayekuja hautaki. Watu hutikisa vichwa wakaandika, kisha twaenda kula. Orodha hiyo si uongo. Lakini mradi ulioniangukia mimi mwenyewe haukuangushwa na umeme wala mtandao, na huo sijawahi kuusimulia pale mbele. Naona haya.

Ulikuwa mradi wa zahanati moja upande wa Msambweni, ambayo sitaitaja. Ni zahanati niliyopelekwa utotoni, kama watoto wengi wa Munje. Walitaka kumbukumbu zote za kliniki ya watoto ziingie kwenye kompyuta: chanjo, uzito, magonjwa. Nilifurahi mno. Nilijiona mtoto wa nyumbani anayerudi na kitu mkononi, na sitaficha, kichwa kilinivimba.

Chumba cha kadi kilikuwa na dirisha dogo la mbao linalotazama mabenchi ya wagonjwa. Ndani yake alikaa mama mmoja mtu wa bara, ambaye wazazi wake waliletwa na serikali kwenye mashamba ya skimu ya makazi alipokuwa mdogo. Aliingia humo msichana, na nilipomkuta alikuwa amebakisha wiki chache astaafu. Kila mtu alimwita mama wa kadi. Kadi zilipangwa katika masanduku ya mbao, kwa kijiji, kisha kwa nyumba, na hakuwahi kutupa hata moja. Mzazi alipofika dirishani na mtoto mgongoni, walisalimiana, mama wa kadi akauliza habari za nyumbani, na mkono wake ulikuwa umeshaingia ndani ya sanduku kabla salamu hazijaisha.

Nilikuwa na karatasi yangu ya maswali. Nilimhoji kwa robo saa. Nakumbuka nilitazama saa, kwa sababu nilikuwa na mkutano. Aliniambia kila kadi ina jina la kwenye cheti kwa wino, tarehe ya kuzaliwa, jina la baba na kijiji. Kisha akaweka kidole kwenye pembe ya juu ya kadi moja, palipoandikwa neno kwa penseli, hafifu, lililofutwafutwa na vidole.

"Na hii ya penseli, mwanangu, msiiache."

"Ni nini hiyo, mama?"

Alifungua kinywa kunijibu, na muuguzi mkuu akatuita chai. Kulikuwa na mahamri. Sikurudi kumwuliza. Nilikuwa na tarehe ya kumaliza, na tarehe ya kumaliza ina namna yake ya kumfanya mtu ajione ana akili.

Mtu ataniuliza, wewe mwana wa Munje, hukujua ile ni nini? Nilijua na sikujua. Adabu ile nilizaliwa ndani yake, nimeitwa mume na nyanya yangu maisha yake yote, lakini nikikaa mbele ya kompyuta huwa nimevaa akili ya chuoni, na katika akili hiyo mtu ana jina la kwanza, la kati na la ukoo, basi. Ndivyo nilivyochora ule mfumo. Vijana waliokuja kuingiza kadi walipoanza kazi, msichana mmoja wa Msambweni aliniuliza yale maandishi ya penseli ayaandike wapi. Nilitazama skrini. Hapakuwa na mahali.

"Hayo achaneni nayo," nilisema. "Ni uchafu tu."

Neno hilo nililisema mimi, kwa kinywa changu hiki.

Walimaliza kwa wiki tisa. Kadi sasa zilikuwa zichomwe ili kupata nafasi, na muuguzi mkuu aliniomba barua ya kuthibitisha, kwa sababu hakutaka kuchoma karatasi za serikali bila mtu wa kulaumiwa. Niliandika kwamba taarifa zote zimehamishwa kikamilifu, nikatia sahihi yenye mkia mrefu. Kadi zilichomwa mchana, nyuma ya zahanati, katika shimo la taka. Mama wa kadi alikuja akasimama kando yangu, mikono kifuani.

"Niachie hata yale masanduku mawili ya zamani," aliniambia polepole. "Yale ya miaka ya kwanza. Nitaweka kwangu."

"Mama, yote yamo ndani ya kompyuta. Hakuna kitakachopotea."

Alinitazama. "Sawa. Ni wewe unajua."

Masanduku yale ya zamani ndiyo yaliyoungua upesi zaidi, karatasi zake zilikuwa kavu. Nilirudi Ukunda shati likinuka moshi, nikifurahi.

Mfumo ulizinduliwa kwa chapati na hotuba. Kwa wiki chache mambo yalikwenda, au tulidhani yanakwenda. Kisha ripoti zikaanza kuja za ajabu. Kompyuta ilisema watoto wa Munje na vijiji vya karibu wameacha kuja kwenye chanjo. Ikatoa orodha ndefu ya watoro. Wahudumu wa afya wakapanda pikipiki kuwafuata nyumba kwa nyumba, na nyumba kwa nyumba wakawakuta watoto wazima, wamechanjwa, na mama zao wamekasirika. Wakati huo huo orodha ya watoto wapya ikawa inafura, mpaka ikaonekana kijiji kimezaa kuliko kilivyo na nyumba. Mtoto mmoja nusura achomwe sindano ileile mara ya pili, na aliyemwokoa ni muuguzi aliyekumbuka kilio chake.

Wauguzi walifanya kile ambacho watu wenye akili hufanya. Walinunua daftari kubwa, wakarudi kuandika. Kompyuta ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa pakawekwa kopo la maua ya plastiki. Nilipoitwa nikakuta kopo lile, niliumia kuliko kama wangenitukana.

Nilianza na orodha yangu. Nikakagua nyaya, nikakagua seva, nikamhoji karani mpya aliyekuwa dirishani, kijana mwepesi mwenye shahada yake, ambaye hakuwa na kosa lolote. Sikupata kitu. Basi asubuhi moja, kwa hasira tu, niliamua kukaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa nione.

Mama mmoja kijana alikuja dirishani na mtoto wa kiume wa miezi tisa hivi. Karani akauliza jina la mtoto. Akasema jina. Karani akaandika, akatafuta, hakuna. Akauliza tena, akajibiwa lile lile.

"Hayupo. Ni mara ya kwanza kuja hapa?"

"Huja kila mwezi," yule mama alisema.

"Basi tutamsajili upya."

Alikuwa ameshaanza kumsajili wakati mumewe, aliyekuwa ameegesha pikipiki nje, alipoingia na kusikia. Akasema, siyo hilo, mtoto anaitwa hivi, na akataja jina jingine kabisa. Karani akatafuta, na mtoto akatokea, na chanjo zake zote. Akamgeukia mama, na sasa naye alikuwa ameudhika. "Kwani mama wewe hujui jina la mtoto wako?"

Yule mama akainamisha kichwa, akacheka kidogo kwa haya, ncha ya leso mdomoni. "Hilo ni la mkwe wangu," akasema. "Siwezi kulitaja mimi."

Benchi zima la wanawake wakaguna kumuunga mkono. Mmoja akamwambia karani, "Kwani wewe mama yako alimtaja babu yako?" Wakacheka. Mimi nilijipiga kofi la paji la uso, kwa nguvu, mpaka mtoto aliyekuwa karibu akashtuka. Kliniki huletwa watoto na mama. Mama hawezi kutaja jina lililo kwenye cheti. Nilikuwa nimejenga nyumba nzima na mlango wake nikauweka upande ambao hakuna apitaye.

Niliona raha, kwa kweli. Kosa likijulikana fundi hupata raha. Nilianza kuchora kichwani jinsi ya kulirekebisha, kisanduku kimoja tu cha ziada, kazi ya siku mbili. Jina analoitwa na mama. Mama wa kadi alikuwa nalo miaka yote, aliliandika kwa penseli pale pembeni, na ndiyo maana mkono wake haukukosea. Nikamtazama yule mama kijana akimfunga mwanawe mgongoni, akimwita taratibu kwa jina lake la siri ambalo si siri, na mtoto akageuka.

Hapo ndipo nilipogutuka. Na mimi niliwahi kuletwa hapa. Mama yangu alisimama kwenye dirisha lile lile, akaulizwa jina la mtoto, na hakuweza kulitaja la babu. Akasema lile jingine. Na mama wa kadi akalichukua akaliandika.

Sikuinuka kwenye benchi kwa muda mrefu. Mgonjwa mmoja aliniuliza kama nasubiri daktari.

Niliondoa kopo la maua na kitambaa, nikawasha kompyuta, nikajitafuta. Nilikuwemo. Msichana yule wa Msambweni alikuwa na mkono mwangalifu. Jina la babu lilikuwepo bila kosa, jina la baba, kijiji, tarehe, uzito wangu wa kila mwezi mpaka mwezi mama alipoacha kunileta. Surua nilichanjwa. Niliwahi kuhara nikapona. Kila nilichokuwa nakijua au nisichokihitaji kilihifadhiwa vizuri. Nilipekua faili zote, na nakala za faili, na nakala za nakala, nikijua vyema kwamba hakuna kitu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesema kisiwekwe. Jina ambalo nimelitafuta tangu nina akili lilikuwa limekaa ndani ya sanduku la mbao, mwendo mfupi kutoka nyumbani kwetu, zaidi ya miaka thelathini. Nililichoma mwenyewe, na barua ya kuthibitisha nikaiandika.

Nilikiongeza kile kisanduku. Wauguzi wakawa wanamwuliza kila mama anayekuja, naye anajibu, basi. Ndani ya miezi michache rekodi zilizojirudia zikaunganishwa, orodha ya watoro ikafutika, na daftari kubwa likawa la kuandikia zamu. Hasara yote ya moto ule ilifidika, isipokuwa kwa wale ambao mama zao hawapo wa kuulizwa.

Kwa mama wa kadi nilichelewa kwenda. Nilijiambia namaliza kwanza toleo jipya nimwonyeshe, lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Maadamu nilikuwa sijamwuliza, jina lilikuwa bado lipo mahali fulani, ndani ya kichwa cha mtu.

Nilikwenda Jumamosi moja. Anaishi kwenye shamba la wazazi wake huko skimu, ndani kabisa, na nilimkuta barazani akibangua korosho, mikono ameipaka majivu isiungue na mafuta ya maganda. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama, akasema, "Wewe ni ule wa kompyuta," bila ubaya wowote. Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, lakini yalitoka machache na yamevunjika. Alisikiliza huku akiendelea na korosho zake.

"Mwaka wangu wa kwanza," akasema, "nilikuwa nasimama dirishani naita majina ya kwenye kadi. Naita, naita, hakuna mtu anasimama. Wamama wanacheka tu. Nililia, unajua? Nilitaka kuacha kazi. Nyinyi watu wa hapa mnazaliwa na hayo mambo. Mimi nilikuja kutoka mbali, ilibidi niandike."

Nikafungua laptopu magotini, nikamwonyesha toleo jipya. Akapangusa mkono, akaweka kidole karibu na skrini, kwenye kile kisanduku.

"Hapa ndiyo penseli?"

"Ndiyo, mama."

Alifurahi. Alifurahi kabisa, akaita mtu ndani aje aone. Kisha akasema, "Weka yako tuone inavyofanya. Si wewe ni wa Munje?"

"Langu silijui," nikasema. "Mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Ndilo nililokuja kukuuliza."

Akaacha korosho. Akaniuliza mama yangu alikuwa nani, nikamtajia, na baba, na nyumba yetu ilipokuwa. Alifumba macho. Niliiangalia midomo yake.

"Mrefu," akasema. "Wa kule juu, alikuwa na shanga shingoni. Alikuwa anakukalisha dirishani, hapo juu ya ubao, wewe unanivutia kadi. Nilikuwa nakufukuza, yeye anacheka. Alipenda kucheka." Akafumbua macho, akafumba tena. Jogoo akapita kati yetu, hakuna aliyemfukuza. "Aliniambia jina, na mimi nikamwuliza linaandikwaje, akasema yeye hajui kuandika, niandike ninavyosikia. Hiyo naikumbuka."

"Na jina?"

Nikaona amejaribu kweli, kwa maana paji la uso lilimtoka jasho. Kisha akanishika mkono kwa mkono wake wenye majivu.

"Walikuwa wengi, mwanangu. Ningekuwa nakumbuka, ningeandika ya nini?"

Alinifungia korosho katika karatasi, akaniombea safari njema. Nikapanda gari. Barabara ya skimu ni ya mchanga na mashimo, mtu huenda polepole, na vioo vilikuwa wazi. Nikaanza kujiita. Nilitaja majina yote ya watu wa kule juu niliyowahi kuyasikia, moja baada ya jingine, kwa sauti, nikivuta mwisho wake kidogo na kuupandisha kisha nikaukata, kama alivyofanya mama yangu, nikingoja lile litakalonigeuza kichwa. Nilifika Bongwe sijageuka.